Msuli wa Moyo Hulindwa Tangu Kisiwani

Tangu mwaka 2008, ulipoanza upasuaji mkubwa wa moyo katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, na hasa tangu mwaka 2015, ilipoanzishwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete mahali pale pale, Mtanzania mwenye ugonjwa wa vali za moyo hana tena lazima ya kungoja ndege ya kwenda India. Hilo ni jambo la kujivunia, na limesifiwa inavyostahili. Lakini sifa hizo zimekuwa zaidi za majengo na mashine. Leo tunapenda kuzungumza na ndugu zetu wa Bumbire, na wa Kerebe, Goziba, Ikuza na Mazinga, pamoja na viongozi waliopewa dhamana ya Wilaya ya Muleba na Mkoa wa Kagera, juu ya kitu kidogo kuliko jengo ambacho ndicho kiini cha kazi yote. Nacho ni msuli wa moyo wenyewe: jinsi unavyolindwa wakati daktari anaupasua, na kwa nini ulinzi huo, unaoonekana kuwa kazi ya chumba kimoja cha Dar es Salaam, huanza au hukosekana katika mialo yetu ya wavuvi.

Iko sababu ya kuyasema haya kwa wavuvi na si kwa madaktari peke yao. Jamaa wanapoambiwa kwamba ndugu yao atapasuliwa moyo, swali lao la kwanza ni hili: je, moyo utasimamishwa? Jibu la kweli ni ndiyo. Wako watu wanaolificha jibu hilo wakidhani kuwa wanamhurumia mgonjwa. Sisi tunaona kwamba kuificha kweli ni kuinenepesha hofu. Kwa Kiswahili moyo ni ushujaa, ni nia, ni mapenzi. Na mzee wa Kihaya akitaja omutima hakusudii kipande cha nyama. Si ajabu basi mtu akiona kwamba moyo ukisimama, hapana mtu tena. Sisi tuliokaa juu ya mikeka ya chuoni kabla ya kukalia madawati ya Serikali tulifundishwa kwamba mambo ya roho ni ya Mola peke yake, na hapana daktari aliyedai kuyagusa. Anachogusa daktari ni msuli.

Msuli huo, ambao ukubwa wake ni kama ngumi ya mwenyewe, hupiga mara zipatazo 100,000 kwa siku, usiku na mchana, bila ya likizo. Daktari hawezi kushona vali iliyo ndani ya kitu kinachorukaruka na kujaa damu, kama vile fundi asivyoweza kubadilisha pistoni huku injini ya boti inanguruma. Ndiyo maana ilibidi kwanza kipatikane kitu cha kufanya kazi badala ya moyo. Tarehe 6 Mei 1953, mjini Philadelphia, Marekani, Dakta John Gibbon alimpasua msichana wa miaka 18 kwa msaada wa mashine ya moyo na mapafu, na mashine hiyo ikambebea msichana uhai wake kwa dakika 26. Kazi yake ni kuipokea damu chafu inayorudi kutoka mwilini, kuitia oksijeni, na kuirudisha mwilini kwa msukumo unaofaa.

Mashine inapofanya kazi, ubongo unashiba, figo zinashiba, mwili mzima unashiba, isipokuwa kiungo kimoja. Moyo hulishwa na mishipa yake midogo inayochipuka mwanzoni kabisa mwa aota, yaani mshipa ule mkuu utokao moyoni. Ili daktari apate mahali pasipo na damu pa kufanyia kazi, huibana aota kwa kibano. Na kibano kinapofunga, moyo nao hukatiwa riziki. Tangu hapo dakika huhesabiwa kwa sauti. Msuli wa moyo wenye joto la kawaida, usiopata damu, huanza kufa baada ya dakika kama 20 hivi, ilhali kubadilisha vali aghalabu huchukua muda mrefu zaidi ya huo. Na msuli wa moyo ukifa hauchipui tena kama mgomba; panapokufa hubaki kovu. Hapo zamani walikuwapo wagonjwa walioshonwa vizuri kabisa, vali ikakaa barabara, kisha wakafa kwa sababu moyo ulioamshwa haukuwa na nguvu ya kusukuma damu.

Tatizo hili mvuvi wa sangara analielewa kuliko anavyodhani. Samaki akitoka majini anaanza kuharibika, na kila mvuvi anayeuza kwa matajiri wa viwanda anajua kwamba bei yake inategemea barafu. Barafu haimfufui sangara; inachelewesha tu kile ambacho kingetokea. Madaktari nao walianzia hapo. Mwaka 1950 Dakta Wilfred Bigelow wa Toronto, Kanada, alionyesha kwa kutumia mbwa kwamba mwili ukipozwa unahitaji oksijeni kidogo zaidi, na hivyo huweza kustahimili kukatiwa damu kwa muda. Lakini baridi peke yake haikutosha. Moyo uliopozwa tu huendelea kutetemeka ovyo, na msuli unaotetemeka unakula akiba yake.

Mwaka 1955 mjini London, Dakta Denis Melrose alieleza njia ya kuulaza moyo kwa dawa ya potasiamu. Hii ni chumvi ile ile iliyomo katika ndizi zetu, ingawa tunawaomba wasomaji wasikimbilie kudhani kwamba sahani ya ndizi inamlaza mtu moyo. Inayotumika hospitali huingizwa moja kwa moja katika mishipa ya moyo, kwa kipimo. Na kipimo ndicho kilichomshinda Melrose. Dawa yake ilikuwa kali mno. Moyo ulilala, lakini msuli ukadhurika, na wapasuaji wengi wakaiacha njia hiyo kwa miaka. Wengine huko Ujerumani hawakukata tamaa, wakatafuta mchanganyiko wenye upole zaidi. Na mwaka 1975, katika hospitali ya St Thomas' mjini London, Dakta Mark Braimbridge akaanza kutumia kwa wagonjwa dawa iliyofanyiwa utafiti na David Hearse na wenzake, yenye potasiamu kidogo. Wazo lilikuwa lile lile; kilichobadilika ni kipimo.

Utaratibu wenyewe si mgumu kuueleza. Kibano kikishafungwa, maji ya dawa yaliyo baridi sana, aghalabu ya nyuzi 4, huingizwa katika shina la aota, nayo hupita katika mishipa inayolisha moyo. Baada ya muda mfupi moyo hulegea na kutulia. Unasimama ukiwa umepumzika, haukukazana, na hapo ndipo penye siri: moyo uliolazwa hivyo hupunguza mahitaji yake ya oksijeni kwa karibu asilimia 90 hata kabla ya baridi kuongeza sehemu yake. Dawa hurudiwa kila baada ya dakika 20 au 30. Iko pia dawa iliyotengenezwa Pittsburgh, Marekani, kwa ajili ya watoto, ikaanza kutumika miaka ya 1990, ambayo siku hizi hutumika kwa watu wazima pia kwa sababu dozi moja huweza kufaa kwa saa nzima au zaidi. Madaktari wengi huchanganya dawa na damu ya mgonjwa mwenyewe ili msuli upate chakula kidogo wakati umelala. Wengine huongeza barafu juu ya moyo, lakini kwa hadhari, maana barafu ikizidi huweza kuidhuru neva inayoendesha kiwambo cha pumzi. Kazi ikiisha kibano hufunguliwa, damu yenye joto huiosha potasiamu, na mara nyingi moyo huanza kupiga wenyewe.

Kwa hiyo ndugu wa mgonjwa anapouliza kama moyo utasimamishwa, na aambiwe ndiyo, utalazwa kwa kusudi, chini ya ulinzi, na yuko mtaalamu ambaye kazi yake siku hiyo ni kuiangalia mashine na kuhesabu dakika. Hatari ipo, na hapana upasuaji wa moyo usio na hatari. Lakini ni hatari inayopimwa, na mtu mzima ana haki ya kuijua kabla ya kutia saini.

Sasa tuje kwenye jambo linalotukera. Ulinzi huu wote una mpaka mmoja ambao hapana dawa iliyouondoa: hauwezi kumrudishia mgonjwa msuli alioupoteza kabla ya kufika. Vali ikivuja, chumba cha kushoto cha moyo hulazimika kuisukuma damu ile ile mara mbili. Mwaka baada ya mwaka hutanuka, na kuta zake huchoka kama mpira uliovutwa mno. Vali ya aota ikibana njia, ukuta hunenepa, na ukuta mnene ni mgumu kulindwa, kwa kuwa dawa haiupenyi sawasawa na haja yake ya oksijeni ni kubwa. Wapasuaji wote wanalijua hili. Moyo wenye msuli mzuri unavumilia kibano. Moyo uliochakaa unalazwa kwa dawa ile ile, kwa mikono ile ile, na bado unakataa kuamka. Mvuvi aeleze mwenyewe: barafu ina faida gani kwa samaki aliyekaa juani tangu asubuhi?

Na msuli wa mtu wa visiwani unachakazwa na nini? Kwa Waafrika wengi walio vijana jibu ni ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi, ambayo chanzo chake ni koo. Mtoto wa miaka kati ya 5 na 15 anaumwa koo kwa sababu ya bakteria wa namna fulani, koo linapona, wiki mbili au tatu baadaye anapata homa na viungo kuvimba, goti leo, kifundo cha mguu kesho. Hayo nayo yanapita, na wazazi wanasahau. Lakini mwili wake, katika kupigana na bakteria wale, umezijeruhi vali za moyo wake mwenyewe. Kila homa inayorudia huongeza kovu. Akifika miaka 25 anashindwa kuvuta wavu, au anajifungua mtoto wa pili na pumzi inamkatika. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2015, uliohusu wagonjwa 3,343 katika nchi 12 za Afrika pamoja na India na Yemen, ulionyesha kwamba nusu yao hawakuwa wamezidi umri wa miaka 28, na kwamba karibu theluthi mbili walikuwa wanawake. Hao ndio nguvukazi ya taifa.

Ugonjwa huu hustawi palipo na msongamano. Anayezijua kambi za wavuvi anajua watu wanavyolala, wengi katika kibanda kimoja cha mabati, na watoto kati yao. Dawa yake nayo haina siri yoyote. Koo lililothibitishwa na mganga kuwa ni la bakteria hao likipata penisilini, hata siku ya 9 tangu kuanza, homa ya baridi yabisi huzuiwa. Na aliyekwisha kuipata homa hiyo huchomwa sindano ya benzathini penisilini kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi, ili isirudie. Wenzetu wa Gulu, Uganda, walishiriki katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021. Watoto na vijana 818 ambao vali zao zilionyesha dalili za mwanzo kabisa waligawanywa mafungu mawili. Baada ya miaka miwili, miongoni mwa waliochomwa sindano ugonjwa ulizidi kwa asilimia 0.8 tu, na miongoni mwa wasiochomwa kwa asilimia 8.2. Penisilini si dawa ngeni, wala haihitaji kibano wala mashine.

Haihitaji mashine, lakini inahitaji utaratibu, na utaratibu ndio unaotupungukia. Sindano ya kila wiki nne maana yake ni kwamba dawa iwepo zahanati siku hiyo, muuguzi awepo, na jina la mtoto liwe katika daftari ili asipotokea atafutwe. Kwenye nchi kavu hayo ni mambo ya kawaida. Kisiwani yanategemea ziwa. Upepo ukichafuka boti halivuki. Mafuta yakikosekana halivuki hata maji yakiwa shwari. Na wavuvi wenyewe huhama kufuata dagaa na sangara, leo Bumbire, mwezi ujao Goziba, mtoto akiwa na mama yake, daftari likiwa limebaki nyuma. Viongozi wanaosema kwamba watu wa visiwani hawapendi kufuata matibabu wangefaa wavuke wenyewe mwezi wa Agosti, si kwa boti la ziara bali kwa mtumbwi, wakiwa na homa.

Jina la Bumbire lilichapishwa katika magazeti ya London na New York kwa sababu mwaka 1875 Henry Stanley alirudi kuwafyatulia risasi wenyeji waliokuwa wamemzuia pwani. Kisiwa ambacho bunduki zilikifikia bila ya taabu hakiwezi leo kuitwa kisiwa cha mbali inapokuja zamu ya penisilini.

Tunazijua hoja za watendaji. Bajeti ni finyu, mahitaji ni mengi, malaria na Ukimwi vimekuwa na wafadhili wao, na ugonjwa huu wa vali hauna. Ni kweli. Lakini mwezi Mei 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mjini Geneva ulipitisha azimio juu ya homa ya baridi yabisi na ugonjwa wake wa moyo, ukizitaka nchi ziweke mipango na kuhakikisha penisilini inapatikana. Mwaka 2023 Bunge letu lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Karatasi hizo mbili zinafaa zikutane katika zahanati za visiwani. Mgonjwa mmoja anayevushwa hadi nchi kavu, akapelekwa Rubya au Bukoba, kisha Bugando mjini Mwanza, kisha Dar es Salaam zaidi ya kilomita 1,000, akalazwa, akabadilishiwa vali, hula fedha ambazo zingetosha kuwachoma sindano watoto wengi sana. Hatusemi asipelekwe. Tunasema asifike huko moyo wake ukiwa umekwisha kutanuka kwa sababu tu hapana aliyemsikiliza kifua chake kwa miaka 10.

Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete imekuwa ikipeleka wataalamu wake mikoani kwa utaratibu wa tiba mkoba, nasi tunaupongeza utaratibu huo. Ombi letu ni kwamba msafara wa Kagera usiishie Bukoba mjini. Kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti siku hizi hubebwa mkononi. Kikiweza kupanda ngazi za hospitali ya mkoa kinaweza kupanda boti, kikafika shuleni Bumbire, watoto wakapimwa mstari mmoja baada ya mwingine kama wanavyopangwa kwa chanjo.

Yako pia mambo ya baada ya upasuaji ambayo hayasemwi vya kutosha. Mtu aliyewekewa vali ya chuma hutumia dawa ya wafarini maisha yake yote, na damu yake hupimwa mara kwa mara. Dawa ikizidi atavuja damu, ikipungua damu itaganda juu ya vali. Kwa mwanamke anayetaka kuzaa dawa hiyo ina hatari zake kwa mtoto aliye tumboni, na lazima ashauriwe kabla ya vali kuchaguliwa. Basi daktari wa Dar es Salaam anayemruhusu mgonjwa kurudi kisiwani na amuulize kwanza: kipimo hicho utakipata wapi? Na halmashauri nayo ijue jibu.

Kwa upande wa hospitali zetu kubwa, tunapenda kukumbusha kwamba dawa ya kuulaza moyo na mirija yake ni vitu vinavyokwisha. Mashine hununuliwa mara moja na kupigwa picha; maji ya dawa hununuliwa kila mwezi, na hapana anayeyakatia utepe. Mwenye fungu la fedha za kigeni asiyahesabu kuwa ni ziada. Tena wafamasia wa hospitali nyingi duniani huichanganya dawa hiyo wenyewe kwa vipimo vinavyojulikana. Tungependa kuona vijana wetu wanafunzwa kazi hiyo kwa ukamilifu, pamoja na kazi ya kuendesha mashine ya moyo na mapafu, kwa sababu chumba cha upasuaji chenye mpasuaji hodari na kisicho na mtu wa mashine ni chumba kilichofungwa.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi mbele ya redio, wakasikiliza, wakabishana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Wazee walioshiriki bado wako miongoni mwetu. Somo la koo la mtoto ni fupi kuliko somo la choo, na redio imefika kila mwalo. Matawi ya Chama, mashehe, mapadre na viongozi wa wavuvi hawahitaji waraka kutoka juu ili kusema kwamba mtoto mwenye koo na homa apelekwe kwa mganga wiki hiyo hiyo, na kwamba mtoto aliyevimba viungo asikandwe tu kwa mafuta na kuachwa.

Madiwani wa Muleba watakapokaa kupitisha makadirio yao, gazeti hili litapenda kuuliza juu ya mistari miwili: mafuta ya boti la afya la visiwani kwa miezi yote 12, na benzathini penisilini pamoja na daftari lake. Tutayachapisha majibu yote mawili, tarakimu kwa tarakimu.